Barafu ikipungua njia haiwi mteremko

Kwako Mhariri,

Mimi ni msomaji wenu wa miaka mingi, gazeti nalinunua hapa Kibuye karibu kila asubuhi, nikimaliza kulisoma linaenda kwa mama wa mandazi jirani yangu, na kwa miaka hiyo yote sijawahi kuwaandikia hata mstari mmoja. Lakini wiki mbili zilizopita kwenye kurasa zenu za utalii mlichapa makala kuhusu milima ya Rwenzori kule Uganda, makala yenyewe nzuri tu, picha nzuri, ila pale katikati mwandishi akasema ati kwa vile barafu imepungua siku hizi kupanda Margherita, kilele chake kirefu kabisa, kumekuwa mteremko, na mtu yeyote mwenye viatu imara na wiki moja ya likizo anaweza. Hiyo sentensi nimeisoma mara tatu. Nikampigia binamu yangu wa Webuye nikamsomea kwa simu, akacheka mpaka akaanza kukohoa, manake yeye ndiye alining'inia kwa kamba juu ya hiyo barafu iliyopungua.

Mteremko! Yani mlima wa mita 5,109, wa tatu kwa urefu Afrika nzima baada ya Kibo wa Kilimanjaro na Batian wetu wa Mlima Kenya, unaambiwa ni mteremko.

Mimi sio msomi wa mambo ya milima. Mimi ni fundi wa kuchomelea, natengeneza mageti, vitanda vya shule, ngazi, na trela za kubebea mchanga. Kupanda nilianza kwa utani tu, kuna mwalimu mmoja wa jiografia niliyemtengenezea goli za uwanja akaniambia badala ya deni lililobaki atanipeleka Mlima Elgon, ile Masaba ya Wabukusu, na nikakubali kwa sababu nilijua deni silipwi. Tukaingilia Chorlim upande wa Kitale, tukafika Koitobos mita 4,222, nikashuka nikiwa nimepona kisirani chote cha mwaka huo. Mwaka uliofuata tukaenda Lenana, kile kilele cha Mlima Kenya. Ndio mwaka wa tatu tukasema, basi, Rwenzori, mimi na mwalimu na huyo binamu, Januari, kwa sababu Januari mvua inapungua kidogo, na neno kidogo hapo Mhariri ulisome polepole.

Kuna kitu watu wengi wa huku hawajui. Ukisimama Kakamega ukaenda magharibi bila kukata kona, unavuka mpaka, unaipita Uganda yote, unaenda kugonga Margherita karibu moja kwa moja. Latitudo ni ileile tu, tofauti ni ndogo sana. Pale Maseno tunapiga picha kwenye alama ya ikweta tukiwa na jasho mgongoni na ikweta hiyohiyo ikifika kule inapita kusini kidogo ya mahali pana barafu tangu enzi za mababu. Na sisi watoto tulifundishwa theluji kwa picha za Uswisi.

Kutoka Kisumu tulipanda basi hadi Busia, tukavuka, tukalala Kampala, kesho yake siku nzima mpaka Kasese. Kitu kilichonifurahisha Kasese ni kwamba Kiswahili kinaenda, kwa sababu Kongo iko hapohapo. Wenyeji wa mlima ni Wakonzo, na asubuhi tulisalimiwa "wabukire" nikaitikia "poa" nikaambiwa nijifunze. Theluji wao wanaiita Nzururu, na wazee wanasema huko juu ndiko anakokaa Kitasamba, mwenye mlima. Kabla ya kuanza safari yule mwongozaji wetu mkuu, mzee wa makamo mwenye miguu myembamba kama ya korongo, alisimama kando akanong'ona maneno yake, hatukumuuliza. Mimi pia nilikuwa na yangu ya kunong'ona.

Sasa njia yenyewe, niieleze kidogo kwa sababu makala yenu iliruka hapa kwa aya moja. Kuna njia ya zamani ya mzunguko inayoanzia Nyakalengija, karibu mita 1,600, na nyingine inayoanzia Kilembe kwenye machimbo ya zamani ya shaba. Sisi tulichukua ya Nyakalengija, siku saba. Siku ya kwanza ni msitu tu mpaka kibanda cha Nyabitaba, ukifika pale unajiona mwanaume. Siku ya pili ndio unaanza kuelewa. Mlima huu sio volkano kama Elgon ama Mlima Kenya au Kilimanjaro, hii ni kipande cha ardhi kilichosukumwa juu na ufa wa Bonde la Ufa, mawe yake ni magumu na hayafyonzi maji haraka, sasa mvua yote inayoshuka inakaa hapohapo juu kama sahani. Kwa hiyo ni tope. Sio tope la Nyalenda wakati wa masika, la Nyalenda lina mwisho. Hili unaingia mpaka goti, unatoa mguu na gambuti inabaki, unarudi kuitafuta kwa mkono. Pale Bigo kuna kinamasi chenye vichuguu vya nyasi na unaruka kutoka kichwa kimoja cha nyasi mpaka kingine, sehemu zingine wameweka mbao za kukanyagia na nilizipenda hizo mbao kuliko ndugu. Miti imevaa manyoya ya kijani kuanzia juu mpaka chini, yako matawi huoni hata ganda, halafu ukipanda zaidi unakuta lobelia zimesimama kama minara na ile miti mingine minene yenye kichwa cha kabichi, kwenye ukungu unadhani ni watu wamesimama wanakungoja.

Baadaye Ziwa Bujuku, hapo ni karibu mita 4,000, umezungukwa na milima ya Stanley, ndio wenye Margherita, Speke na Baker. Hayo majina nayo! Mlima ulikuwa na wenyewe na majina yake, halafu mwaka 1906 akaja Mwitaliano mmoja, mtoto wa kifalme, Duke wa Abruzzi, na msururu wa wapagazi, akapanda vilele karibu vyote na kuvipimia ramani, kile kirefu kabisa akakiita Margherita kwa jina la malkia wa kwao na cha jirani Alexandra kwa malkia wa Waingereza. Simlaumu kwa kupanda, alipanda kweli. Alikuja pia na mpiga picha, Vittorio Sella, na picha zake ndizo zinatuumbua leo, kwa sababu mtu akisimama palepale alipoweka kamera yake anaona mwamba mweusi mahali palipokuwa peupe.

Wakati huo wa Abruzzi glasia, yani ile mito ya barafu inayosonga polepole bila wewe kuiona, zilikuwa 43 zenye majina, kwenye milima sita, na zote pamoja zilifunika zaidi ya kilomita 6 za mraba. Kufikia 2003 wataalamu walipima wakapata karibu kilomita 1 tu. Leo Speke na Baker ni kama zimekwisha na kilichobaki cha maana kiko Stanley, na hicho nacho kinameguka. Mpaka hapo mimi na mwandishi wenu hatuna ugomvi, barafu imepungua, kweli kabisa. Ugomvi ni pale anaposema kwa hivyo njia imekuwa rahisi.

Hebu nieleze vile niliona kwa macho.

Kibanda cha mwisho kinaitwa Elena, mita 4,541, kimekaa juu ya mawe matupu kama kuku aliyepotea. Hapo hulali, unapindukapinduka tu mpaka saa nane usiku unaamshwa. Mtu wa Kisumu ametoka mita 1,131, ufikirie, na ukifika kileleni hewa unayovuta nguvu yake ni kama nusu na kitu tu ya ile ya baharini, kichwa kinagonga, uji haupiti. Tulianza saa tisa na tochi za kichwani. Yule mzee akatuambia alipoanza kubeba mizigo akiwa kijana, ukitoka Elena haukuwa unaenda mbali kabla ya kufunga kramponi, yale meno ya chuma yanayofungwa chini ya kiatu, na baada ya hapo ulikuwa unatembea juu ya theluji ngumu vizuri tu, mguu unaingia kidogo unashika, kamba iko, shoka la barafu liko mkononi, polepole mpaka juu. Ilikuwa baridi, ilikuwa hatari, lakini ilikuwa njia moja ya kitu kimoja.

Sisi tulitoka Elena tukakutana na mwamba. Mwamba ambao glasia iliulamba miaka elfu na elfu mpaka ukawa laini kama sinki, umelala kwa mshazari, usiku una maji yaliyoganda juu kama vanishi. Unapanda kwa mikono, kwa kamba zilizofungwa. Halafu barafu kidogo, funga kramponi. Halafu mwamba tena, vua, ama usivue na meno yakwaruze mawe yalie kama grinda bila kinga ya masikio, mimi hiyo sauti naijua na bado ilinitoa jasho. Halafu unashuka, ndio, unashuka ule urefu uliolipia kwa jasho, unapita chini ya mkia wa Alexandra, ndio uanze upya glasia ya Margherita. Kufunga na kufungua kwa vidole vilivyokufa baridi ndio kunakula muda, na muda huko ni uhai, kwa sababu jua likishatoka na joto kupanda mawe yanaanza kuachia. Yalikuwa yameshikwa na barafu kama kokoto kwenye zege, sasa hiyo saruji imeyeyuka.

Na hata hiyo barafu yenyewe iliyobaki sio ileile. Hii nilieleweshwa na mwalimu kwenye kibanda tukisubiri mvua iishe, na nikaona ina akili. Huko Ulaya kuna msimu wa baridi, glasia inapumzika miezi kadhaa, inanenepa. Huku kwetu kwenye ikweta hakuna msimu wa baridi, ile sehemu ya chini ya barafu inayeyuka Januari, inayeyuka Juni, inayeyuka Oktoba, kila siku ya Mungu, na kinachoiokoa ni theluji mpya ya juu, nyeupe, inayorudisha jua lilikotoka. Sasa joto likiongezeka kidogo tu, ile iliyokuwa inaanguka kama theluji inaanguka kama mvua, na barafu ya zamani inabaki uchi, imechafuka, nyeusinyeusi, inafyonza jua kama bati lililopakwa rangi nyeusi. Kwa mpandaji maana yake ni hii: ule ulaini wa kukanyagia umetoka. Unakanyaga kioo. Kramponi butu inateleza, shoka butu linadunda. Na kingo za glasia zinakuwa wima, kama keki iliyokatwa, badala ya kuisha taratibu kama mchanga wa ufuo. Na nyufa zilizokuwa zimefunikwa na theluji nene sasa ziko wazi, ama zimefunikwa na ka-ukoko tu, na sijui ipi ni mbaya zaidi.

Sasa nifike kwenye ngazi, kwa sababu ndio hasa ilinifanya nikakasirikia hiyo makala. Kuna mahali wameweka ngazi ya chuma kwenye mwamba kukusaidia upite. Mimi nikiona ngazi siwezi kupita bila kuikagua, hata kanisani. Nikaimulika na tochi, chuma kizuri, weldi imepita vizuri, boliti zimeshika jiwe, hakuna kutu ya kutisha. Lakini mwisho wake wa chini ulikuwa unaning'inia hewani. Futi nne hivi, labda tano, kati ya kidato cha mwisho na barafu, na hapo katikati wameongezea kamba yenye mafundo. Nikamuuliza yule mzee, samahani mzee, ni nani alipima hii? Akacheka. Akasema mwanangu, ilipofungwa mguu wake ulikuwa umezama ndani ya barafu, tuliichimbia.

Mhariri, nimetengeneza ngazi zaidi ya mia tatu maishani na nyingine zimerudishwa, fupi, ndefu, kidato kimepinda, na kila mara kosa lilikuwa langu ama la mteja aliyepima kwa hatua za miguu. Sijawahi kuona ngazi iliyokuwa sawa ikawa fupi kwa sababu sakafu imehama. Nilisimama pale mpaka mwalimu akanivuta kamba. Kila mwaka barafu ikishuka futi kadhaa mtu anapaswa kurudi pale na chuma mgongoni, na drili, na kutoboa jiwe kwenye mita karibu 5,000, aongeze vidato, na mwaka unaofuata vidato hivyo havitoshi. Njia ya namna hiyo ndiyo mnaiita mteremko? Kule mahali palipokuwa unatoka kwenye barafu na kukanyaga mwamba kwa hatua moja, sasa ni pengo, barafu imejitenga na ukuta, na chini ya pengo hilo ni giza.

Binamu aliteleza kabla hatujafika hata kwenye hiyo ngazi, kule kwenye uwanja wa juu wa Stanley. Kramponi zake alikodi kwenye duka moja la vifaa vya safari, silitaji, aliambiwa ati ni saizi moja inaingia kiatu chochote. Inaingia, ndio. Kutoka ndio hatukuulizia. Usiku ule Elena tuliona zinacheza, mimi kwa ufundi wangu nikatoa waya wa kufungia nondo ambao sisafiri bila huo, nikataka kuzikaza, mzee akanikataza akasema hicho sio kiatu cha punda, akazikaza mwenyewe kwa mikanda vile aliweza, na akamfunga binamu karibu na yeye kwenye kamba. Saa kumi na moja alfajiri kramponi ya kushoto ikachomoka. Nilisikia tu "yawa!" na kamba ikakaza tumboni mwangu kama mtu amenirukia kwa nyuma. Aliteleza labda mita tatu. Mzee alikuwa ameshakita shoka na amelala juu yake kabla mimi sijajua ni nini kinaendelea. Mita tatu ni kitu kidogo, ni urefu wa geti moja, lakini chini ya hizo tatu kulikuwa na zingine ambazo hatukuzihesabu.

Binamu hakuumia zaidi ya kiwiko. Mwongozaji msaidizi akarudi naye Elena. Mimi na mwalimu na mzee tukaendelea, na tulifika, saa mbili na dakika kidogo, ukungu mtupu, hatukuona Kongo wala hatukuona Uganda, tuliona ubao unaosema umefika. Kukaa pale juu ilikuwa dakika kumi. Nilitaka nijisikie shujaa lakini nilikuwa nawaza ngazi, kwamba lazima niishuke.

Kushuka tulipitia maziwa ya Kitandara halafu pito la Freshfield. Kitandara ni mahali pazuri kuliko pote nilipowahi kuweka miguu, maji meusi yametulia na ile miti ya kabichi imejipanga pembeni kama wageni wa harusi, na mvua ilikatika masaa mawili mazima. Nayo siandiki zaidi, aende mtu ajionee.

Kwa wale watakaosema fundi anaongea ya Uganda, nawaletea ya nyumbani. Barafu ya Lewis kwenye Mlima Kenya, ile ambayo zamani wapandaji waliivuka kwenda kuanza ukuta wa kilele cha Nelion, imepimwa ikaonekana kati ya 1934 na 2010 ilipoteza asilimia 90 ya ujazo wake. Jirani yake Gregory imekwisha kabisa. Na kuna ule mfereji wa barafu unaoshuka kutoka kati ya Batian na Nelion, wanauita Diamond, mwaka 1973 Phil Snyder na Thumbi Mathenge waliupanda wa kwanza, Mathenge huyo ni Mkenya, na mfereji huo ukapata jina duniani kote watu wakawa wanapanda ndege kuufuata. Leo sehemu ya chini barafu imetoka, umebaki mwamba uliozidi wima na mawe yanayoporomoka, na wapandaji wengi hodari wanaangalia tu kwa darubini. Walikuwa na njia ngumu wakaipenda, ikayeyuka, hakuna aliyesema sasa imekuwa rahisi. Sasa kwa nini tuseme hivyo kwa Rwenzori? Kwa sababu barafu tunaifikiria kama kizuizi, kama tope barabarani, likikauka gari linapita. Huko juu barafu ndiyo barabara.

Sisemi watu wasiende. Waende, tena watu wa Nakuru, Eldoret, Kisumu, sisi ndio majirani, na nauli yetu ni basi wakati wengine wanalipa ndege kutoka mwisho wa dunia. Na wapagazi na waongozaji wa Kikonzo wanaishi kwa hiyo kazi. Ila mtu aende akijua. Apande Elgon kwanza, apande Lenana, aone kichwa chake kinasemaje kwenye mita 4,000 na kitu kabla hajakipeleka 5,000. Kikianza kuuma sana na kutapika, ama kifua kinakoroma kama kuna maji, ashuke, saa hiyohiyo, usiku ama mchana, asiambiwe akaze roho. Kramponi azijaribu kwenye kiatu chake mwenyewe akiwa bado mjini, azivae, aruke nazo, apige teke tairi. Amuulize mwongozaji kamba ina umri gani, na asione haya kuuliza, mimi nikiulizwa weldi yangu sinuni. Na kama hataki hayo yote, kuna mzunguko wa chini usiogusa barafu, Bujuku, Kitandara, anarudi nyumbani na vidole vyote kumi na tope la kutosha kusimulia mpaka Krismasi ifuatayo.

Poleni kwa barua ndefu, sikupanga. Na kusema ukweli makala peke yake isingenifanya nishike kalamu, ningenung'unika tu hapa karakana na kuendelea na kazi. Ila juzi Jumatatu alikuja kijana hapa, miaka ishirini hivi, mpole, ana adabu, akaniamkia vizuri, akatoa mfukoni kipande cha gazeti lenu kimekunjwa mara nne. Wako watano, wamemaliza chuo, wanataka kwenda Desemba. Amesikia kramponi za kukodi ni ghali, sasa akaniuliza kama naweza kuwachongea jozi tano kwa nondo ya milimita nane. Alikuwa ameshachora hata mchoro, na mchoro wenyewe haukuwa mbaya, nilisikia uchungu kwa vile haukuwa mbaya. Nikamuuliza nani amekwambia vitatosha. Akaniwekea kidole kwenye sentensi yenu, akaisoma kwa sauti, "mtu yeyote mwenye viatu imara", akasema sisi viatu tunavyo fundi, hivi ni vya kuongezea tu.

Nilimkatalia. Alidhani naringa bei, akaniongezea mia tano. Nikamkalisha kwenye kopo la rangi nikamwambia mambo ya ngazi, na ya binamu, akasikiliza lakini nikaona macho yake yanarudi kwenye kile kipande cha karatasi, kwa sababu mimi ni fundi tu wa Kibuye na lile ni gazeti. Basi nikamwambia arudi Jumamosi, huenda gazeti lenyewe litakuwa limesema kitu kingine. Mchoro wake ameniachia, nimeubandika ukutani juu ya kompresa.

Kwa hiyo Mhariri, Jumamosi ni kesho kutwa.

Wenu,
Fundi wa kuchomelea,
Kibuye, Kisumu